Glavu Nyekundu Nilizokwenda Nazo Kate

Ndugu zangu wa benchi la kahawa, tangu nirudi mnaniuliza maswali yaleyale matatu. Posa ilikubaliwa? Ufipa kuna baridi kweli? Na zile glavu nilizowapigia simu kuzisifia ziko wapi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila nikifika Laela lazima mmoja wenu anikatize na habari za wachawi wa Sumbawanga, mji ambao yeye hajawahi kuuona hata kwa ramani. Wachawi sikuwaona. Nilichokiona nakiandika hapa, asome anayetaka.

Mnanijua. Mimi ni fundi saa, na mtu aliyekaa miaka thelathini na kitu akitazama vigurudumu kwa lenzi huishia kutazama kila kitu kwa lenzi. Kwenye udhu ndiko nilikozidi. Nikitia shaka kama maji yamefika kisiginoni, naanza upya. Mke wangu Mwanaidi husema nimeshatawadhia maji ya mtaa mzima, zamu ya mtaa wa pili inakuja. Na mnajua sisi tuliosoma chuo kwa madhehebu ya Shafi: mwanamume akigusana ngozi kwa ngozi na mwanamke, awe mkewe au mgeni, madamu si mama yake, dada yake au maharimu mwingine, udhu umekwenda. Wapo Waislamu wenzetu wasioliona hivyo, na sina ugomvi nao. Mimi ndivyo nilivyofundishwa, tena kwa bakora. Hapa Tanga hainisumbui, kwa sababu majirani wakiniona nimekunja mikono ya kanzu hunisalimia kwa mbali.

Safari ilikuwa ya posa. Marehemu kaka yangu aliacha kijana mmoja, Idrisa, ambaye ni bwana shamba huko Ufipa, Rukwa. Kijana amempenda mwalimu wa shule ya msingi, Skolastika, binti wa wakulima Wakatoliki wa kijiji cha Kate. Mambo ya sheikh wetu na padri wao yalishazungumzwa, siyaingii. Lililobaki lilikuwa mzee wa ukoo kwenda kubisha hodi, na mzee aliyebaki ni mimi.

"Baba mdogo," Idrisa aliniambia kwenye simu, "bibi yake ndiye mwenye neno. Yeye ndiye aliyemlea. Bibi akikataa, hata baba yake hana la kusema. Nakuomba sana, usiniharibie."

Niliudhika. Mimi niharibu nini?

Tanga hadi Mbeya

Shida ilianza kabla ya Morogoro. Mhudumu wa basi alitangaza dakika kumi za kuchimba dawa. Wenzangu wakatawanyika vichakani, mimi nikachuchumaa nyuma ya basi na chupa yangu ya maji. Dakika ya tisa nilikuwa namaliza mguu wa kushoto. Nikapanda, nikakaa, na mama wa kiti cha jirani, mtumishi wa serikali aliyekuwa anarudi kwao Mbeya, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole mzee wangu! Nilidhani watakuacha porini!"

Nilimshukuru. Ilikuwa shukrani ya kweli, ila ilikuwa na uchungu ndani yake. Kabla ya Iringa alikuwa ameshanishika mara tatu zaidi: kunipa andazi, kunionyesha nyani wa Mikumi, na kwenye kona za Kitonga, ambako alinishika akiita jina la Yesu na hakuniachia mpaka tulipofika juu. Adhuhuri na alasiri nilizisali pamoja, kwa ruhusa ya msafiri, pale tuliposimama kula. Nilitawadha mara mbili. Chakula sikukipata, muda ulikwisha.

Tulipoagana Mbeya alinipa mkono mwingine na kuniombea baraka. Mama mwema kabisa. Sikuwahi kumwogopa mtu mwema kiasi kile.

Laela, saa tatu za mkanda wa feni

Kesho yake nilipanda basi la Sumbawanga. Tulipita Tunduma, tukakata kulia, barabara ikapanda na baridi ikapanda nayo. Tulipofika Laela mkanda wa feni ukakatika. Dereva akasema dakika ishirini. Mimi ni fundi, najua dakika ishirini za fundi. Nilishuka na mswala wangu.

Pale stendi palikuwa na mama lishe anayeuza chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Nilikula sahani mbili, ya siku hiyo na ya jana yake. Kisha nikamwomba maji, akanipa jagi, nikaenda kutawadha kando ya magunia ya mahindi yaliyokuwa yanasubiri lori. Ndugu zangu, hilo ndilo jibu la swali lenu la pili. Maji ya Ufipa mwezi wa saba yanauma. Nilipoyapandisha puani niliona nyota mchana kweupe.

Nikarudisha jagi. Mama alilipokea kwa mkono wa kushoto, na mkono wangu akaupokea kwa mkono wa kulia, huku amekunja magoti kwa heshima.

"Asante baba. Karibu Laela."

Nikaomba jagi tena. Akanipa bila kuuliza. Nikatawadha, nikarudisha.

"Asante baba. Karibu tena."

Mara ya tatu niliweka jagi juu ya gunia na kutoroka. Alinifuata mbio mpaka kwenye mlango wa basi, akidhani amenikosea, akanishika mkono kuniomba radhi. Abiria mmoja alimwambia mwenzake, "Huyu mzee na huyu mama kuna jambo."

Hapo ndipo nilipomwona muuza mitumba akitembeza makoti na soksi. Kwenye bega lake zilining'inia glavu za sufu, nyekundu, zimefumwa picha ya mnyama fulani mwenye pembe za matawi, ambaye si swala wala si pofu. Akili yangu ikafunguka. Ngozi kwa ngozi! Penye kitambaa katikati hakuna kilichovunjika. Nilizinunua nikazivaa palepale, nikatawadha mara ya nne baada ya kuzivua, nikazivaa tena, nikamrudia yule mama lishe na kumpa mkono kwa hiari yangu. Alifurahi. Nilisali nikiwa na amani, na nikawapigia simu ninyi kujisifu. Mnakumbuka nilivyojisifu.

Malangali

Idrisa anapanga chumba Malangali, ukingoni mwa mji wa Sumbawanga, ambako nyumba zimechanganyika na mashamba. Alinipikia dagaa na ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukiula unakaa tumboni mpaka kesho. Kijana alikuwa amekonda. Akanieleza utaratibu: yeye hatakwenda, kwa sababu kijana hajiposei. Skolastika naye hatakuwepo, amepelekwa kwa shangazi mpaka jibu litoke. Nitafuatana na mshenga, Mzee Fidelis, seremala, rafiki wa pande zote mbili.

"Huku watu wanasalimiana kwa mkono, baba mdogo. Usiwanyime mkono."

"Sitawanyima. Nina dawa yake." Nikamwonyesha glavu.

Alizigeuza, akamtazama yule mnyama. "Utazivaa mpaka ndani ya nyumba?"

"Kwa baridi hii nani atashangaa?"

Akanirudishia kama mtu anayetaka kusema neno akaona ni utovu wa adabu. Laiti angelisema.

Kate, mchana

Tulifika Kate adhuhuri imekaribia. Nyumba ya Mzee Deogratias, baba wa binti, ni ya matofali ya kuchoma, na uani ulezi ulikuwa umetandazwa kwenye turubai. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejipanga kutupokea, kama kumi na wawili hivi. Nikawapa mikono mmoja mmoja, na glavu zangu, nikitabasamu. Kila aliyeushika mkono wangu aliutazama kwanza. Wa mwisho alikuwa Bibi Gaudensia, mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba." Alikishika kiganja changu chekundu, akakipapasa kidogo, akamtazama yule mnyama wa pembe, kisha akanitazama mimi. "Karibu kwetu."

Mzee Fidelis alizungumza vizuri sana. Alisema tumeona ua kwenye boma hili na tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe. Mzee Deogratias akasema wamesikia, jibu tutapewa kesho asubuhi. Kisha nikaletewa jogoo na kisu nichinje mwenyewe, ili nile bila wasiwasi. Walikuwa hata wametuandalia togwa tamu, wakaweka pombe yao mbali. Heshima kama hiyo, jamani, na mimi kichwani mwangu nahesabu udhu.

Kabla ya kula, shangazi mmoja alipiga magoti na birika kunimiminia maji ya kunawa. Ikabidi nivue glavu. Akanipa taulo, vidole vikagusana. Udhu ule ukaenda. Baada ya kula nikaomba maji nikaenda nyuma ya jiko. Wakati narudi, glavu nimezisahau juu ya pipa, mama mkubwa wa binti akatokea. "Hatukusalimiana vizuri, baba." Mkono. Nikageuka nikarudi pipani. Nikamaliza, nikatia shaka juu ya kisigino, nikarudia. Natoka, jirani aliyekuja kumwona mgeni wa pwani ananinyooshea mkono. Nikarudi pipani. Sikujua kuwa dirisha la jiko linatazama pipa, wala kwamba ndani ya dirisha alikaa Bibi Gaudensia akichambua maharage.

Nilisali hatimaye, nikatoka nimevaa glavu, nikiona siku imekwenda vizuri.

Jua lilipokuwa linatua Mzee Fidelis aliniita kando. Alikuwa amevua kofia na kuikunja mkononi.

"Mzee Salehe, kuna shida. Bibi anasema kila ukimgusa mtu wa nyumba hii unakwenda kunawa. Unanawa mikono, unanawa uso, unasukutua mpaka mdomo. Na usipotaka kunawa, unavaa glavu. Ananiuliza, je, sisi ni wachafu?"

"Ukamwambiaje?"

"Mimi si mshenga wako? Lazima nikutetee. Mambo yenu siyajui vizuri, nikaona niseme kitu kinachoeleweka. Nikamwambia wewe ni mgonjwa. Kwamba daktari amekuamuru ujimwagie maji kila mara."

"Ehe?"

"Sasa anauliza kama ugonjwa huo uko kwenye ukoo."

Nilikaa juu ya gogo. Nikamwona Idrisa kule Malangali na ule wembamba wake, anasubiri. Kama nawadharau, binti hatoki. Kama ni mgonjwa, binti hatoki. Nilitaka kumfuata bibi jikoni saa ileile, lakini mshenga akanizuia: mpaka asubuhi pande mbili hazizungumzi uso kwa uso. Nilikasirika na Fidelis, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa haki. Siku tatu nzima nilikuwa nimechunga mikono yangu isiguswe. Sikujiuliza hata mara moja mkono ulionyooshwa ukikimbiwa unajisikiaje.

Birika la Bibi Gaudensia

Alfajiri nilitoka kwenda pipani. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa barafu. Nikawa nimesimama nakunja mikono ya kanzu, nikasikia mlango wa jiko.

"Usiyaguse hayo, utakufa." Bibi alitoka amebeba birika linalotoa mvuke. "Nimekuchemshia. Wameniambia unaumwa."

Mtu aliyedhani namdharau alikuwa ameamka kabla ya kuku kunichemshia maji. Machozi yalinilenga, nasema bila kuficha.

"Bibi, siumwi."

"Huumwi?"

"Siumwi kabisa. Mzee Fidelis alinionea huruma tu."

Akaweka birika chini. "Basi ni la kwanza. Sisi ni wachafu."

"Hapana, bibi! Huu ni udhu. Ni wa sala. Mtu anaweza kuwa ametoka kuoga sasa hivi, ananukia sabuni, na bado hana udhu. Na mwingine ametoka shambani ana vumbi nguoni, na udhu anao. Si habari ya uchafu. Ni kujiweka tayari kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Unapiga hodi kwa maji."

"Na mikono yetu?"

"Mkono wa mwanamke yeyote, bibi. Kwa tulivyofundishwa sisi, hata mke wangu akinigusa, natawadha upya."

"Mkeo naye ni mchafu?"

"Thubutu! Akisikia nimesema hivyo nitalala nje."

Midomo yake ilitikisika kidogo, lakini hakucheka bado. Alikuwa anafikiri. Mwenzangu ni mtu wa kanisani tangu utotoni, na nilimwona akizipitia ibada zake moja moja.

"Padri," alisema polepole, "kabla hajagusa mkate pale altareni, ananawishwa vidole. Mikono ya padri ni safi kuliko sahani zangu. Na bado ananawa."

"Ndiyo hiyo, bibi! Ndiyo hiyohiyo!"

"Na hakuna anayemuuliza padri kama ana ugonjwa."

"Hakuna."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilisema kweli: kwamba niliona haya, na kwamba nilijali kisigino changu kuliko wao. Nikamwomba radhi. Akauliza lililokuwa moyoni mwake hasa.

"Na mjukuu wangu akiolewa? Idrisa atakuwa anamkimbia na glavu?"

"Hapana, bibi. Atamshika. Kisha atakwenda kutawadha. Maji si mengi huku?"

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko, na ndani mtu akauliza kuna nini. Alipotulia alinieleza jambo lililonimaliza. Wazee wao zamani hawakushikana mikono. Walichuchumaa, wakapiga makofi taratibu, wakasalimiana kwa mbali kwa heshima. Na yeye mpaka leo ndivyo anavyopenda.

"Basi mbona jana wote mlinipa mikono?"

"Si ni kwa ajili yako! Tuliambiwa anakuja mtu wa mjini, wa pwani, hao wanapenda kushikana mikono. Niliwafundisha hawa siku mbili, kila mmoja ampe mkono, tena aushike vizuri."

Tulitazamana, mimi na maji yangu, yeye na mafunzo yake ya siku mbili. Kisha akachuchumaa hatua mbili kutoka kwangu, akapiga makofi matatu mepesi. Nami nikachuchumaa nikapiga makofi yangu, vibaya, akanirekebisha. Nilitawadha kwa maji ya moto mara moja tu, sikurudia kisigino.

Kuaga

Jibu lilitolewa asubuhi ile, na Mzee Deogratias alilitoa kwa sauti ya mtu aliyeambiwa la kusema. Ua halina mwenyewe. Wameridhia, harusi wakishauza mahindi. Nilimpigia Idrisa, na sikusikia neno ila pumzi, kisha akaanza kulia kama mtoto, nami nikamwambia asiniharibie.

Tulikaa mpaka gari likaja, karibu na adhuhuri. Nilikuwa nimeshatawadha ili nisali njiani. Wanawake wote walitoka kuniaga, na Bibi Gaudensia alikuwa mbele yao amenyoosha fimbo kuwazuia.

"Msimguse! Ana udhu! Wewe Editha, rudi nyuma, unamgusa na khanga!"

"Khanga haina neno, bibi."

"Arudi tu, asizoee."

Wakachuchumaa safu nzima, wakanipigia makofi. Mzee Fidelis naye akapiga, ingawa yeye ni mwanamume na hakuna aliyemkataza mkono. Niliwapigia yangu, sasa vizuri kidogo. Watu kumi na wawili walikaa mbali nami kwa heshima, na udhu wangu ulikuwa mzima kabisa, ambao siku nne nilikuwa nimeupigania kwa jagi na kwa chupa na kwa pipa. Nikaona siwezi kuondoka hivyo.

Nilivua glavu. Nikamsogelea Bibi Gaudensia, nikashika mikono yake yote miwili kwa mikono mitupu. Ilikuwa migumu, ya jembe, na ilikuwa ya moto.

"Baba!" alishtuka. "Umeuvunja!"

"Nimeuvunja, bibi. Maji si mengi huku?"

Wote walicheka, na yeye macho yalimlowa. Nikamwachia glavu mkononi, zawadi yake, maana kwake kuna baridi kuliko kwangu. Akazivaa palepale, akamgeuza yule mnyama wa pembe juu apate kumwona. Kisha akaenda jikoni, akarudi na birika lile la moto.

"Chuchumaa," akasema. "Sasa nikikugusa haina neno."

Dereva alipiga honi, hakuna aliyemjali. Nilitia nia, nikanyoosha mikono, na Bibi Gaudensia, kwa glavu zangu nyekundu, akanimiminia mwenyewe mpaka miguuni.